Duka la rehani Memphis: historia tele ukutani, adapta yangu haipo

Jamani, nina hasira na nitaandika nayo hivyohivyo. Majuzi kodi ya nyumba ilinibana, nikaenda kuweka bondi kinanda cha kwaya kwenye duka moja la rehani hapa Memphis, Marekani. Wakanipa dola 100. Kwa mwezi wanadai 22 juu yake. Sibishi, niliyasoma kabla ya kutia sahihi.

Kisa ni siku ya kukomboa. Kijana wa kaunta ananiletea kinanda bila adapta. Namuuliza, macho hayatoki kwenye simu: "Risiti imeandikwa kinanda. Waya haujaandikwa." Adapta niliifunga raba nyekundu, nikamkabidhi mkononi yeye huyohuyo! Ati nitafute kwenye kapu la nyaya za kuuza, huenda nikapata inayofanana. Yaani ninunue mali yangu?

Na ukuta mzima wamejaza picha za kujisifu. Beale Street ya zamani, mtaa wa muziki wa hapa Memphis, magitaa na tarumbeta madirishani, enzi zile maduka ya rehani, mengi ya Wayahudi, yamepangana mtaa ule na wanamuziki weusi wakiweka vyombo bondi hadi wapate shoo nyingine. Mzee mmoja, nadhani ndiye mwenye duka, akaniona natazama, akaja kunisimulia. Hapo, niseme kweli, alinikosha. Maandamano ya wazoa taka, Machi 1968, Martin Luther King, yule mtetezi wa haki za weusi, yuko mbele, vioo vya maduka vikavunjwa. Wiki moja baadaye King akauawa mjini humuhumu. Kisha miaka ya 1970 yakaja matingatinga ya manispaa, wenye maduka wakatawanyika. Na mtaa wenyewe ulishatangazwa alama ya kihistoria ya taifa tangu 1966! Hiyo Beale ya taa na watalii ni ya kufufuliwa miaka ya 1980.

Nikamweleza la adapta. Akamtazama kijana, kijana akapandisha mabega. Mzee akaniokotea moja kapuni, bure. Nikamshukuru, nikaondoka nimepoa kabisa.

Jumapili naichomeka, kinanda kinavuma kama mzinga wa nyuki, mwalimu wa kwaya kanitolea macho ibada nzima. Hasira ikarudi mara mbili. Duka lililokula kwa vyombo vya wanamuziki miaka yote hiyo halijui kinanda kinakwenda na waya wake?

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya mzee. Nikimkumbuka yule kijana na simu yake, moja. Haya, labda mbili, ila adapta yangu naidai.