Guta kuukuu la injini, grinda na chenso kwenye shamba la mlimani: uzoefu wangu

Kama shamba lako liko tambarare na barabara inafika mpaka mlangoni, tafuta kirikuu (pikapu ndogo), huu uzoefu hautakusaidia sana. Mimi nalima Lupembe, mkoani Njombe, kwenye miteremko ya udongo mwekundu ambao mvua zikishakolea unateleza kama sabuni. Nina chai kidogo, parachichi, na mikaratusi ya kuuza nguzo na kuni. Kinachobeba vyote hivyo kutoka bondeni hadi barabarani ni guta la matairi matatu, injini ya cc 200 inayopozwa kwa maji, nililolinunua likiwa limeshatumika sana, kwa chini ya nusu ya bei ya jipya. Chapa yake siiandiki. Ukivua bodi na stika, mengi ya haya magari kutoka China ni yale yale.

Watu wakienda kununua guta la zamani hupiga stata, husikiliza mlio, wakiridhika wanatoa hela. Kwa uzoefu wangu injini ndiyo inayonipa usumbufu mdogo kuliko vyote. Ni ya ukoo wa CG, mtindo ambao Honda waliutoa miaka ya 1970 wakilenga nchi ambako pikipiki inabebeshwa mizigo na huduma haipewi. Vavu zake zinasukumwa na fito, si cheni ndefu ya ndani, kwa hiyo hakuna cheni ya kulegea wala tenshena (kikazio chake) ya kubadili. Fundi yeyote wa bodaboda anaifungua akiwa anapiga stori. Mimi vavu napima mwenyewe kwa geji, milimita 0.08, asubuhi kabla haijawashwa. Oili inaingia kama lita moja tu, na ndani hakuna filta ya karatasi, kuna wavu wa kuzuia takataka kubwa. Uchafu mwembamba mwingi unapita na kuzunguka na oili, kwa hiyo anayechelewesha kumwaga oili kwenye injini hizi anajitafutia fundi. Juni na Julai huku kwetu baridi inauma kweli, sakitu inalala kwenye majani, na bila choki haiwaki. Hilo si tatizo, ni hali ya hewa.

Rejeta nayo inataka macho. Tope linaziba mapezi yake, maji ndani yapo lakini joto halitoki. Naosha kwa maji ya taratibu, kutoka upande wa feni kwenda nje. Ukipiga kwa presha kubwa yale mapezi yanalala, na ukishayalaza umejizibia mwenyewe.

Pesa yangu imekwenda nyuma: difu (gia za ekseli ya nyuma), krosi (viungo) za propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, na breki. Hapo ndipo guta kuukuu linapojulikana. Namna ya kukagua ni rahisi na haihitaji fundi. Pandisha nyuma kwa jeki, weka magogo ya kukinga, zima, weka gia, halafu shika propela kwa mikono miwili uizungushe mbele na nyuma. Uwazi kidogo ni wa kawaida. Ukisikia "ko! ko!" angalia kwanza krosi, maana krosi ni bei ndogo. Kama krosi imekaza na bado inagonga, hiyo ni difu, na bei ya guta ishuke papo hapo. Kisha legeza boliti ya chini ya difu, chukua tone la oili upakaze kati ya kidole gumba na cha shahada, uende juani. Ikiwa na vumbi linalometa, meno yanaliwa. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Maji kwenye difu langu yaliingilia kwenye tundu la kupumulia. Unavuka kijito difu likiwa la moto, linapoa ghafla, linavuta hewa, na pale tundu lilipo ndani ya maji linavuta maji. Dawa yake ilikuwa kipande cha mpira wa petroli kilichochomekwa kwenye lile tundu na kupandishwa mpaka chini ya bodi, kikafungwa kwa waya. Fundi aliyekuwa ananimwagia oili ya gia namba 90 alikiona akacheka, "Mzee, difu umeliwekea pua!" Tangu hapo oili inatoka nyeusi, lakini nyeupe haijatoka tena.

Breki ndizo zilizolinyima guta hili nyota ya tano. Kanyagio la mguu linashika matairi ya nyuma tu, drami mbili, na drami ikilowa haishiki mpaka ikauke. Mteremko wa kwetu na kilo mia tano za nguzo mbichi mgongoni si mahali pa kugundua hilo. Gia ndogo naiingiza juu kabla sijaanza kushuka, injini ndiyo inashikilia, mguu unasaidia tu. Vijana wengi hushuka na frii, bila gia, ili kubana petroli, na hao siwapi ufunguo. Lainingi (viatu vya breki) nafungua mara kwa mara kupangusa tope, na maji ya breki nabadili hata kama yanaonekana mazima, kwa sababu DOT 3, aina ninayotumia, inanyonya unyevu wa hewa yenyewe.

Mzigo nao upange mbele. Nguzo ndefu zikining'inia nyuma ya ekseli, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani haugeuzi kitu. Kwenye mlima linainuka kabisa.

Sasa vifaa. Nikiulizwa kati ya chenso (msumeno wa injini) na grinda kipi kinunuliwe kwanza na mtu mwenye guta la zamani, nasema grinda, ile ndogo ya diski ya milimita 115. Boliti za bodi zimeliwa na kutu, spana inazunguka bure, na hakuna njia ila kukata. Bodi inapasuka kwenye maungio ya springi, lazima usafishe mpaka chuma cheupe ndipo mchomeleaji aje. Grinda yangu inakula umeme wa jenereta ndogo bila kulalamika, mradi nisiibane kwenye chuma.

Nasisitiza kitu kimoja ambacho naona kinapuuzwa gereji nyingi. Diski ina mwendo wake wa mwisho umeandikwa juu yake. Ile ya 115 huandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika, ya 230 ni 6,600. Grinda ndogo inazunguka kama 11,000. Sasa mtu anavua kinga ili diski kubwa iingie kwenye mashine ndogo, "ikate haraka." Hiyo inaweza kupasuka usoni. Na ile pete ya chuma katikati ya diski imepigwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Diski za kukatia zinazeeka, hasa zikikaa kwenye unyevu. Dukani naisoma hiyo pete kabla ya bei.

Chenso yangu ni Stihl MS 381, cc 72, na kwa mikaratusi inatosha na kubaki. Mchanganyiko ni mililita 20 za oili ya tustroku kwa kila lita ya petroli, napima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, sikadirii kwa kifuniko. Cheni natia makali kwa tupa duara ya 5.2, kila jino idadi sawa ya kusukuma, kushoto na kulia. Ukiona inatoa unga badala ya vipande vinene, acha kusukuma, makali yameisha. Kulazimisha kunachosha injini na mgongo wako pia. Wengi huku wanalainisha cheni kwa oili chafu ya gari. Siwafuati: ile oili ina vumbi la chuma, linasaga bao (chuma kirefu kinachobeba cheni) na pampu, na moshi na matone yake yanakurudia mwenyewe. Ncha ya juu ya bao usiiguse kwenye gogo, hapo ndipo msumeno unaporuka kuja usoni.

Kwa jumla ya gharama, guta limejilipa kwa hela niliyokuwa nikikodia usafiri misimu ya parachichi. Lainingi, krosi na plagi nazipata Makambako, na seti moja ya kila kimoja inakaa nyumbani siku zote, kwa sababu mvua ikikata njia hata bodaboda ya kukuletea spea haipandi. Ukienda kukagua la kwako, nenda na jeki yako, na uombe kadi ya gari kabla ya kuwasha. Namba ya chesesi ilinganishwe na iliyopigwa kwenye fremu, na jina lililo kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. La sivyo, kubadili umiliki TRA (mamlaka ya mapato) kutakusumbua kuliko difu.