Pua Nyekundu Mfukoni: Broken Sword

Msomaji wa riwaya za upelelezi anaweza kuzubaa, asielewe kitu, na bado akafika ukurasa wa mwisho. Broken Sword: The Shadow of the Templars haukubali hilo. Mchezo huu wa kompyuta, uliotengenezwa na Revolution Software ya Uingereza na kutolewa mwaka 1996, unasimama pale akili yako inaposimama. Hausogei mpaka uelewe, na kwangu hapo ndipo utamu wake ulipo.

Tuko Paris. George Stobbart, mtalii Mmarekani, ameketi nje ya mkahawa. Mtu aliyevaa kama mchekeshaji wa sarakasi anaingia na kodiani, kisha anatoka mbio na mkoba wa mzee mmoja. Kodiani ameiacha ndani. Inalipuka, mzee anakufa, na silaha yako pekee ni kipanya.

Tazama fumbo la mwanzo lilivyosukwa. Muuaji ameyeyukia uchochoroni. Kuna mfuniko wa mtaro wa majitaka, lakini kwa mikono mitupu haufunguki. Jirani kuna mfanyakazi wa barabara mwenye sanduku la zana, naye hana haja na maswali yako. Mpe gazeti! Akili yake inahamia kwenye mbio za farasi, nawe unachomoa chuma cha kufungulia mfuniko. Huko chini unaokota pua nyekundu ya bandia, na juu yake pameandikwa jina la duka la mavazi ya maigizo. Hakuna kilichodondoka kutoka mbinguni. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yako.

Mazungumzo ndiyo ninayoyapenda zaidi. Picha ndogo chini ya skrini zinaonyesha mambo unayoweza kumuuliza mtu, na chochote ulichobeba unaweza kumwonyesha. Mdogo wangu, ambaye hucheza nami kwa zamu, huitoa ile pua mbele ya kila anayekutana naye, awe polisi au mpita njia, na wengi wana jibu lao la pekee, tena la kuchekesha. Rolf Saxon, anayemsemea George, hana haraka, na muziki wa Barrington Pheloung huingia kidogo kisha ukanyamaza, ukakuachia nafasi ya kuwaza.

Kasoro ipo, nayo ni mbuzi wa Ireland. Kwenye magofu ya ngome anakupiga pembe kila ukitaka kupita, na dawa yake ni kubofya upesi kabla hajajipanga upya. Mchezo uliokuzoesha kutafakari kwa utulivu ghafla unadai wepesi wa kidole, bila kukuonya. Huo si ugumu wa haki, na sishangai kuwa mbuzi huyo amekuwa maarufu kuliko wahusika wengi wenye majina.

Mwaka 2024 lilitoka toleo la Reforged, lenye picha zilizochorwa upya na msaada wa vidokezo kwa anayeuhitaji. Nunua hilo, kwa sababu picha za zamani zinafifia kwenye skrini kubwa. Ila vidokezo viache vimezimwa hadi umfikie yule mbuzi. Hapo viwashe bila aibu, upite, kisha uvizime tena.