Kuishi na Kusomesha Katikati ya Mji wa Mtwara: Uzoefu Wangu wa Mitaa, Barabara na Shule ya Kimataifa

Naandika maelezo haya kwa ajili ya mzazi anayehamishiwa Mtwara kikazi, au aliye hapahapa mkoani na anafikiria kumpeleka mtoto katika shule ya kimataifa iliyoko katikati ya mji. Familia yetu imeitumia huduma hiyo kwa njia mbili: kwanza tukiwa tunaishi Naliendele, watoto wakipanda basi la shule, na baadaye tukiwa tumehamia mjini, watoto wakienda kwa miguu. Shule ni ileile na walimu ni walewale, lakini ningeombwa kuipa alama ningetoa alama mbili zinazopishana sana, na tofauti hiyo yote inatokana na barabara. Jina la shule sitalitaja, kwa kuwa nina ya kuisifu na ya kuilalamikia, na haya yote nimekwisha kuyaeleza kwa uongozi wake ana kwa ana.

Kwa asiyeujua mji wetu, ni vizuri aelewe kwanza kwamba Mtwara ilichorwa kwenye ramani kabla ya kukaliwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walipoanzisha ule mradi mkubwa wa karanga, walikusudia kukigeuza kijiji cha wavuvi kuwa mji wa watu wapatao 200,000. Wakajenga bandari yenye kina kirefu, wakatandika reli ya kwenda Nachingwea na kuhamishia hapa makao ya utawala yaliyokuwa Lindi. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini mpangilio wa mitaa ulibaki. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 108,299 katika manispaa nzima ya Mtwara Mikindani, maana yake ni kwamba mpaka leo tunatembea ndani ya nguo iliyokatwa kwa mwili mkubwa kuliko wetu. Barabara ni pana, nyumba zimeachiana nafasi, miti mikubwa imebaki kando ya njia, na mtoto anayetembea anaonekana kwa dereva tangu mbali. Nimewahi kuishi Dar es Salaam, na nathubutu kusema kwamba nafasi hiyo ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote ambavyo mpangaji anavilipia hapa.

Uti wa mgongo wa mji ni Barabara ya Tanu, inayokwenda kaskazini hadi kusini. Kwenye Barabara ya Uhuru na ile ya Aga Khan ndiko ziliko benki na ofisi nyingi. Ukielekea kusini mashariki, mwendo wa kama kilometa moja na nusu, unafika sokoni, na ukipita soko unaingia Majengo na Chikongola, mitaa yenye watu wengi na shughuli hadi usiku. Shangani iko upande wa pili kabisa, baharini, na Ligula, iliko hospitali ya rufaa ya mkoa, iko karibu na mambo yote hayo. Sisi tulichagua kupanga upande huo wa Ligula. Kodi ilipanda ukilinganisha na ya Naliendele, na nyumba tuliyopata ni ndogo zaidi, lakini hospitali iko jirani, samaki wa jioni tunanunua feri Shangani wakiwa bado wanameta, na mke wangu hahitaji tena kupanga safari kwa ajili ya kwenda benki.

Sasa nirudi kwenye barabara zenyewe, kwa sababu mgeni anayezitazama mwezi wa Juni hatazifahamu hata kidogo. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza, mji hubadilika. Malori ya korosho kutoka Tandahimba, Newala na Masasi huingia kuelekea maghalani na bandarini, na siku hizi huongezeka yale ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma na ya saruji ya kiwanda kilichoanza kazi mwaka 2015. Ni neema kwa mkoa, na mimi mwenyewe nakula kwa kazi inayotokana na mizigo hiyo, kwa hiyo siwezi kuilaani. Lakini mzazi afahamu kwamba barabara ambayo mtoto aliivuka bila wasiwasi katikati ya mwaka, katika msimu wa korosho huwa na foleni ya malori yaliyoegeshwa kando, na mtoto mfupi hutokeza ghafla kati ya lori na lori mbele ya bodaboda inayokimbia. Hatari iko hapo kwenye kuchomoza, hasa kwa waendesha bodaboda wanaopita upande usio wao ili kukwepa foleni. Mvua nazo, ambazo huku zina msimu mmoja mrefu kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, huondoa kingo za lami na kuacha mchanga mwingi kwenye makutano, na pikipiki zikikata kona juu ya mchanga ule huteleza.

Tulipokuwa Naliendele, watoto walikuwa wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri, ingawa kutoka kule hadi mjini ni kama kilometa kumi tu, kwa sababu basi lilikuwa linazunguka kwanza mitaa mingine. Walifika shuleni wamechoka, na mdogo alikuwa akisinzia kwenye kipindi cha kwanza. Mwalimu wake ndiye aliyetuambia. Ada ya basi ilikuwa inakaribia robo ya ada ya masomo. Hayo ya uchovu na fedha ningeyavumilia. Lisilovumilika lilikuwa hofu. Hapa Mtwara hakuna mzazi aliyeisahau Julai 26, 2022, siku ambayo gari dogo lililokuwa limebeba wanafunzi kwenda shule lilitumbukia kwenye korongo eneo la Mjimwema, wanafunzi na watu wazima wakapoteza maisha. Msiba ule ulikuwa wa mji mzima. Tangu siku hiyo, mzazi anayempandisha mtoto kwenye gari la shule anatazama matairi kabla ya kumtazama dereva.

Nisiwe mwizi wa fadhila: katika suala hili shule yetu inafanya kazi nzuri. Basi ni la njano, lina leseni, na halizidishi watoto kuliko viti. Mhudumu wa basi, ambaye watoto wote humwita dada, ana daftari lenye mistari aliyoichora mwenyewe kwa rula, safu ya kupanda na safu ya kushuka, na kila jina hulitia alama kwa kalamu mbili za rangi tofauti, asubuhi bluu na jioni nyekundu. Siku moja nilifika kituoni nikiwa na haraka, nikamwomba amwachie mwanangu ashuke kabla gari halijasimama sawasawa pembeni. Akanijibu kwa upole, "Shikamoo baba, nisamehe, hashuki mtu mpaka dereva azime gari." Akasubiri kweli, gari likazimwa, akashuka yeye kwanza, akamshika mtoto mkono na kuja kunikabidhi upande niliokuwa nimesimama. Kwa mhudumu wa namna hiyo nililipa ada ya basi bila kinyongo, na ninaamini mshahara wake unastahili kuongezwa.

Hata hivyo, tulipohamia mjini na watoto wakaanza kutembea, ndipo tulipoiona shule yenyewe ilivyo. Wanaamka jua likiwa limekwisha kuchomoza, wanakunywa chai wakiwa wameketi, wanafika shuleni wakiwa wachangamfu. Jioni wanabaki kwenye maktaba hadi saa kumi na moja, jambo ambalo mtoto wa basi hawezi kulifanya kwa kuwa gari halimsubiri. Maktaba hiyo ni chumba kimoja tu chenye rafu za mbao na mikeka sakafuni, lakini vitabu vinaazimwa kwenda nyumbani, na hilo ni adimu katika shule nyingi ninazozifahamu huku kusini.

Masomo hufundishwa kwa Kiingereza kwa kufuata mtaala wa taifa, pamoja na mazoezi ya ziada kutoka katika vitabu vya nje kwa somo la Hisabati na Kiingereza. Kilichonifurahisha zaidi ni namna wanavyoutumia mji wenyewe kama kitabu. Darasa la binti yangu lilipelekwa Mikindani, umbali wa kama kilometa kumi, wakaona boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, wakaelezwa kwamba ni kutoka ghuba ile David Livingstone alianza safari yake ya mwisho mwaka 1866, na pia wakaelezwa habari za biashara ya watumwa iliyopita hapo. Waliporudi hawakuandikishwa majibu ya ubaoni. Kila mtoto alitakiwa kumuuliza mzee mmoja wa familia yake kuhusu Mikindani au Mtwara ya zamani na kuandika alichoambiwa. Bibi yake, aliyekuja kututembelea kutoka Tandahimba, akamsimulia habari za reli ya Nachingwea alizozisikia kwa kaka zake waliowahi kuipanda, na mtoto akajaza kurasa tatu. Kwenye pambizo mwalimu aliandika kwa wino mwekundu swali moja: reli hiyo ilibeba nini baada ya karanga kukosekana? Swali hilo lilitufanya nyumba nzima tulijadili wakati wa chakula cha usiku, na binti yangu akaja kulijibu mwenyewe wiki iliyofuata.

Palipo na udhaifu ni kwenye Kiswahili. Vipindi ni vichache, insha hutolewa mara moja moja, na ufasaha wa watoto wetu katika kuandika umekuwa mdogo kuliko wa binamu zao walioko shule za serikali. Kwangu hilo si jambo dogo. Mtoto wa Mtwara atafanya kazi, atasimama mahakamani, atazungumza kwenye mkutano wa kijiji na kuzika wazee wake kwa Kiswahili, na shule inayolipisha ada kubwa haina haki ya kumpunguzia lugha hiyo. Nimeomba walau kipindi kimoja cha insha kila wiki. Nimeahidiwa, bado sijakiona kwenye ratiba.

Kuhusu malipo, zamani fomu ya shule ilikuwa inaonyesha ada kwa dola, na kila muhula tulikuwa tukiangalia kiwango cha kubadilisha fedha kwa wasiwasi. Tangu zilipotoka kanuni za mwaka 2025 zinazokataza kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, ada yetu imeandikwa kwa shilingi, na mzazi anajua mapema anachodaiwa. Jambo la pili, ambalo nalisifu sana, ni kwamba uongozi umekubali wazazi wanaotegemea korosho walipe sehemu kubwa mwezi Januari, baada ya fedha za minada kuingia kwenye akaunti zao, kisha wamalizie kidogo kidogo. Shamba letu liko Nanyamba, na bila utaratibu huo awamu ya Julai ingekuwa inatukuta mifuko mitupu kila mwaka. Michango ya ghafla ndiyo inayokera: fulana ya michezo leo, picha ya darasa kesho, na taarifa huja kwenye simu usiku wa kuamkia siku ya kulipa.

Lango la shule ndilo lalamiko langu kubwa. Linafunguka karibu sana na barabara ya lami, hakuna mistari ya pundamilia mbele yake, na asubuhi kati ya saa moja na saa moja na nusu magari ya wazazi, bajaji na bodaboda hujazana hapo huku kila mmoja akitaka kumshusha mtoto mlangoni kabisa. Mlinzi mmoja mwenye kibendera hawezi kuzuia pande zote mbili. Wazazi wenye magari wana sehemu yao ya lawama, kwa kuwa kuna kiwanja kitupu hatua chache kutoka hapo na wangeweza kuegesha na kumsindikiza mtoto kwa mguu. Sisi tuliamua watoto wapitie njia ya nyuma ya mchanga, ni mbali kidogo lakini haina malori, na tumewakataza kabisa kuvuka barabara kuu peke yao kuanzia Oktoba hadi msimu wa korosho uishe. Katika miezi hiyo mmoja wetu huwasindikiza.

Kwa mzazi ambaye kazi yake itamlazimu kuishi Naliendele, Mikindani au mbali zaidi, ushauri wangu ni kwamba kabla ya kulipa ada aombe kupanda basi la shule mwenyewe asubuhi moja, kutoka kituo cha kwanza hadi langoni. Aone linaanza saa ngapi, linapita wapi, linasimama upande gani wa barabara, na nani anamshika mtoto mkono. Shule ikikataa ombi hilo, atafute nyingine. Na kama mkataba wa nyumba haujasainiwa, apige hesabu ya kodi ya mjini dhidi ya ada ya basi kwa mwaka mzima. Kwa familia yenye watoto wawili, sisi tulikuta pengo dogo sana.

Liko jambo moja ambalo mzazi wa darasa la juu anapaswa kulifuatilia sasa. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, hivyo mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza kwa pamoja. Binti yangu ni mmoja wa hao wa darasa la sita. Nafasi za sekondari zitagombewa na madarasa mawili kwa wakati mmoja, na shule yetu haijatangaza itachukua wangapi kidato cha kwanza. Tumeomba kikao cha wazazi na uongozi juu ya suala hilo kabla ya ada ya mwaka huo kudaiwa.