Ushauri wa kihandisi kwa mradi wa gesi ya Ziwa Kivu: huduma tuliyoilipia Goma kwa miezi 14

Kampuni yetu ya mitambo, yenye karakana hapa Himbi mjini Goma, iliajiri ofisi ya ushauri wa kihandisi kutoka nje kwa muda wa miezi 14 ili itusaidie kusanifu upande wa nchi kavu wa mradi mdogo wa gesi ya methani: bomba la kuileta gesi ufukweni, kituo cha kuipokea na njia ya kuifikisha kwenye jenereta. Mradi wenyewe bado uko kwenye makaratasi. Jina la ofisi hiyo siliandiki, kwa kuwa baadhi ya mambo bado tunayajadili nao, lakini naona ni wajibu kueleza tulichokipata, maana tangu serikali ya Kinshasa ilipotangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi ya ziwa hili mwaka 2022, yaani Makelele, Idjwi na Lwandjofu, kampuni ndogo za Goma na Bukavu zimekuwa zikiletewa huduma za namna hii kwa bei ambayo si ya mchezo.

Anayetaka kuajiri mshauri wa gesi ya Kivu aanze kwa kumuuliza kama anajua kwamba hapa hakuna kisima. Wahandisi wengi wa mafuta na gesi wamekulia kwenye miamba: wanachoronga, wanapima shinikizo la mwamba, wanapanga idadi ya visima. Kwetu gesi imeyeyuka ndani ya maji, takriban kilomita za ujazo 60 za methani pamoja na kaboni dioksidi iliyo nyingi zaidi mara kadhaa, na hazina kubwa iko chini ya mita 260 hivi katika ziwa lenye kina cha mita 485 hivi. Bomba linashushwa hadi kina cha mita 300 na zaidi, pampu inayavuta maji mara ya kwanza tu, kisha mapovu yanayojitokeza kadiri shinikizo linavyopungua ndiyo yanayoendelea kuyapandisha. Gesi ikishatenganishwa husafishwa kwa maji ili kaboni dioksidi ipungue, halafu maji yaliyobaki lazima yarudishwe ziwani. Wenzetu wa Rwanda walianza jambo hili Rubona mwaka 1963, kwa gesi iliyokwenda kwenye kiwanda cha bia cha Gisenyi, na leo kituo cha KivuWatt cha Kibuye kinazalisha megawati 26.

Katika suala hilo la kurudisha maji, ofisi hii ilifanya kazi ya kiwango cha juu, na ninasema hivyo kwa moyo wote. Mhandisi wao mkuu alikataa kuanza mchoro wowote wa nchi kavu kabla ya kujua maji yatarudishwa kina gani, ingawa sehemu hiyo haikuwa yetu, kwa sababu kina hicho ndicho kinachoamua shinikizo la tangi la kutenganisha gesi na kiasi cha gesi kitakachotufikia ufukweni. Alitueleza kwa subira kwamba maji hayo yakiachwa juu mno, virutubisho na salfa yake vinapanda hadi kwenye tabaka la juu lenye oksijeni, ambamo sambaza, yaani dagaa wa ziwa hili, wanaishi, na kwamba yakirudishwa mahali pasipolingana na uzito wake yanaweza kulegeza matabaka yanayoizuia gesi isipande. Sisi wa Goma, tulioona lava ya volkano ya Nyiragongo ikiingia ziwani mwaka 2002 na kuhama tena kwa hofu mwaka 2021, hatukuhitaji kukumbushwa mara mbili kwa nini Ziwa Nyos la Kameruni, lililotoa kwa ghafla kaboni dioksidi iliyokuwa imeyeyuka majini mwake, liliua watu zaidi ya 1,700 mwaka 1986.

Alfajiri moja alitupeleka majini kwa bwato la kukodi, tukiwapita wavuvi waliokuwa wakirudi na taa zao zingali zinawaka. Chupa ya kwanza iliyochotwa kina cha mita 300 ilipofunguliwa maji yalitoa povu kama soda iliyotikiswa, na harufu ya yai bovu ikajaa bwatoni. Wapiga kasia walishangilia. Yeye hakufurahi: alisema chupa inayotoa povu hivyo imekwisha kupoteza sehemu ya gesi njiani, kwa hiyo namba yake haifai, na akarudia kazi yote kwa chombo kinachofungwa kulekule chini bila kuvuja. Tulikaa juu ya maji hadi jua likawa kali. Tangu siku hiyo niliziamini namba zake.

Hesabu za ofisini kwao zilikuwa jambo jingine. Jedwali la kwanza la jenereta na kompresa lilikuwa limepigwa kana kwamba tuko pwani ya bahari, hali ziwa letu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini hupoteza sehemu ya nguvu zake. Tuliligundua kosa hilo sisi wenyewe. Walilisahihisha ndani ya wiki moja, wakaomba radhi kwa maandishi, lakini siku za masahihisho walitutoza, na hilo sikubaliani nalo hata kidogo.

Kikao cha kuchambua hatari kilichukua siku tatu. Mchoro wa kituo ulionyesha shimo la vali lenye kina cha mita mbili, upande wa chini wa kiwanja. Kapita wetu, yaani msimamizi wa vibarua, mzaliwa wa Bulengo, alitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema: "Enjeniya, hapo asubuhi hata mbuzi hatumfungi." Alikuwa anazungumzia mazuku, kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kulala mabondeni usiku kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Katika orodha yao ndefu ya hatari, iliyojaa moto na milipuko, mazuku hayakuwamo. Kwa sifa yao, walisimamisha kikao, wakaenda na kapita kukagua kiwanja, na mchoro uliofuata ulikuwa na vali zote juu ya ardhi pamoja na vipima gesi vilivyowekwa usawa wa magoti. Ninajiuliza tu ingekuwaje kama tusingemwita kapita.

Baada ya mwezi wa tisa mhandisi mkuu alihamishiwa mradi mwingine. Vijana wawili waliochukua nafasi yake walikuwa na bidii, ila kila swali lilipaswa kupelekwa mbali na jibu lilichukua siku nyingi, wakati malipo ya kila mwezi hayakupungua hata dola moja. Ripoti ya mwisho, nene kabisa, ililetwa kwa Kiingereza peke yake, ilhali mafundi watakaoendesha kituo wanasoma Kifaransa na Kiswahili.

Kwa upimaji wa ziwa na uchaguzi wa mfumo ningewaajiri tena bila kusita. Kwa usanifu wa kina na ununuzi wa vifaa ningewaita tu kwa mkataba mkali zaidi. Huo tumeuandika: mhandisi mkuu atie sahihi kila mchoro hadi mwisho wa kazi, makosa yao yasahihishwe kwa gharama yao, na maelekezo ya uendeshaji yaandikwe pia kwa Kifaransa na Kiswahili. Wamekubali mawili ya kwanza. La tatu wanasema litaongeza bei, na mazungumzo yanaendelea.