Redio za askari: ya Wamarekani na ya Waingereza

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani na Uingereza ziliwaanzishia redio askari wao waliokuwa ng'ambo. AFN (American Forces Network), redio ya majeshi ya Marekani, ilianza kurusha matangazo London tarehe 4 Julai 1943, huku vipindi vingi vikiletwa kwenye santuri kutoka nyumbani. Burudani ndiyo ilikuwa nguvu yake. Baada ya vita, jazi yake iliwanasa hata vijana wa Kijerumani ambao hawakuwa walengwa.

BFBS (British Forces Broadcasting Service), redio ya majeshi ya Uingereza, nayo ni ya mwaka huohuo wa 1943. Hii ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu ya kipindi cha salamu kilichounganisha, baada ya vita, studio za London na Hamburg, Ujerumani: mke nyumbani, mume kambini, wote wakisikiliza wimbo uleule kwa wakati mmoja.