Propela ya gari lililopandishwa: ununue nini kwanza, nini ukiache dukani

Masika iliyopita nilikuwa nashuka Hamsini na Saba, ile barabara ya kona hamsini na saba kati ya Matamba na Chimala, nimebeba viazi. Kona za juu zilipita salama. Chini kidogo nikasikia kishindo sakafuni, halafu chuma kikaanza kupiga chesisi kwa fujo. Krosi ya propela ya nyuma ilikuwa imekatika upande wa transfa. Propela ni bomba linalozunguka kupeleka nguvu kutoka transfa, boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, hadi difu iliyo kwenye ekseli, na krosi ni kiungo chake kinachopinda. Nashukuru nilikuwa gia ya kwanza, na breki zilikuwa nzima. Tulifungua propela, tukaifunga juu ya magunia, nikaingiza foo wili na kufika Chimala kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele peke yake.

Krosi ile ilikuwa na wiki tano tu. Niliinunua kwenye duka moja mjini, boksi zuri, maandishi ya Kijapani. Nilidhani tatizo ni krosi feki, na kweli ilikuwa feki. Ila mkonga wangu (Land Cruiser) ulikuwa umepandishwa milimita 75, yaani umeinuliwa juu ya ekseli kwa springi, na aliyeupandisha alikuwa ameweka kabari pasipotakiwa. Hata krosi halali isingedumu pale. Ndiyo maana kabla ya kupanga bidhaa kwa daraja nakuomba uelewe kwanza pembe ambazo propela inapindia kwenye krosi zake, maana watu wengi huku kwetu, kuanzia Iringa mpaka Tunduma, wananunua krosi ya tatu na ya nne bila kugusa kinachoziua.

Krosi moja ikiwa imepinda haizungushi mzigo kwa mwendo sawa. Upande wa transfa unazunguka kwa utulivu, lakini upande wa pili unaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa nyuzi 10, mwendo unapanda na kushuka kwa kama asilimia 1.5. Ikifika nyuzi 20 inakuwa kama asilimia 6. Gari lenye difu ya 4.1 (propela inazunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa gurudumu) na tairi za 265/75 R16 likikimbia kilomita 100 kwa saa, propela inazunguka karibu mara 2,700 kwa dakika. Piga hesabu ni mitikisiko mingapi inapita kwenye vile visindano vyembamba ndani ya vikombe vya krosi.

Propela ya kawaida inapona kwa sababu ina krosi mbili, na ya pili inafuta kosa la ya kwanza. Masharti yake ni mawili. Pembe za juu na chini ziwe sawa, maana yake pua ya difu na mdomo wa transfa vikae sambamba. Na masikio ya ncha mbili za propela, ile mikono inayoshika krosi, yaelekee upande mmoja.

Ukipandisha gari lenye springi za bapa kwa springi mpya, usambamba unabaki. Pembe inaongezeka tu. Kwa propela ya mita 1.2, kupanda milimita 50 kunaongeza kama nyuzi mbili na nusu, na hizo zinavumilika. Kwa propela fupi ya sentimita 70, kama ya mbele kwenye magari mengi, milimita zilezile 50 zinaongeza nyuzi nne. Halafu anakuja fundi mwenye nia njema, anaona pua ya difu haiitazami transfa, anaweka kabari juu ya ekseli ili ielekee juu. Hapo ameua usambamba. Krosi ya chini imenyooka, ya juu imepinda, na hakuna tena wa kufuta kosa la mwenzake. Gari linaanza kutetemeka kwenye 60 au 70, na lawama anabebeshwa mwenye duka la tairi.

Kwa hiyo pima kabla hujatoa pesa. Simu nyingi zina kipimo cha mteremko. Egesha mahali tambarare, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Weka simu kwenye uso wa flanchi (sahani inayofungiwa propela) ya transfa, kisha uso wa flanchi ya difu, kisha juu ya bomba la propela, uandike namba tatu. Mbili za kwanza zikipishana zaidi ya nyuzi moja au mbili, rekebisha hilo kwanza. Dukani utakwenda baadaye.

Sasa tupange.

Nafasi ya kwanza naipa krosi halisi ndani ya propela yako mwenyewe, kama bomba halijabonyea na meno ya sehemu inayoteleza ili propela irefuke na kufupika hayachezi. Kwa gari lililopandishwa mpaka milimita 50, hapa ndipo pesa yako inafanya kazi kubwa kuliko popote. Chukua ya Toyota yenyewe, au GMB, au Matsuba. Mwenye Land Rover atafute GKN au Spicer. Lakini jina kwenye boksi lisikutoshe. Nenda na krosi ya zamani mkononi na kipimo cha venia, upime kipenyo cha kikombe na urefu kutoka kikombe hadi kikombe. Gari moja linaweza kutumia saizi tofauti mbele na nyuma. Vua kikombe pale pale dukani, muuzaji mwaminifu hatakasirika. Visindano vijae mduara mzima bila pengo, uso wa krosi uwe laini kama kioo, raba isiwe imekakamaa. Ukiona michirizi ya tupa au visindano vya urefu usiolingana, rudisha kwa heshima na uondoke.

Watu wanauliza, yenye chuchu ya grisi au iliyozibwa kabisa? Iliyozibwa ina nguvu zaidi kwa sababu haijatobolewa katikati. Lakini kwa anayevuka maji ya Usangu wakati wa masika, au anayekula vumbi la Tungamalenga kwenda Ruaha kiangazi kizima, nachagua yenye chuchu bila kusita, mradi pampu ya grisi isikae stoo. Mimi napiga kila kilomita 5,000, na siku ileile nikivuka maji marefu. Piga mpaka grisi mpya itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikigoma kutoa, tikisa propela huku unapiga. Kikiendelea kugoma, krosi hiyo ihesabu imekufa. Kwenye meno yanayoteleza usijaze kupita kiasi, maana grisi ikikosa pa kukimbilia inazuia propela kujifupisha.

Ya pili ni propela nzima ya used kutoka Japani. Hii ni kwa ambaye bomba lake limepigwa jiwe, au meno yamelika. Propela iliyobonyea hata kidogo haina balansi tena, na nyundo haiirudishi. Faida ya used ya Japani ni kwamba ilipimwa balansi kiwandani, na mara nyingi imetoka kwenye gari lililotembea lami. Shika ncha mbili na uzungushe kinyume; usisikie mlio wowote. Vuta na kusukuma sehemu ya meno, kisha itikise juu na chini. Kama inacheza, iache hata kama bei ni ya kutupa. Angalia vile vibati vidogo vilivyochomelewa kwenye bomba, ni vya balansi. Palipo na alama ya kimoja kilichobanduka, usinunue. Unga mwekundu kama kutu kuzunguka vikombe maana yake krosi imekauka ndani, basi ongeza bei ya krosi mbili kwenye hesabu yako. Na pima urefu, kwa sababu gari fupi na gari refu la jina moja hazichangii propela.

Ya tatu ni propela ya krosi mbili zilizounganishwa upande wa transfa, ile mafundi wanaiita dabo. Kwa magari mengi ni gharama isiyo na sababu. Kwa aliyepanda milimita 75 na kuendelea, au mwenye gari fupi kama Defender 90, inaruka hadi nafasi ya kwanza. Krosi mbili za juu zinagawana pembe na kufutana makosa zenyewe, kwa hiyo kanuni inageuka: hapa pua ya difu lazima iitazame transfa, krosi ya chini ibaki karibu imenyooka, na hapa ndipo kabari zinapokuwa na kazi halali. Ukinunua dabo bila kugeuza difu, umenunua mtetemo mwingine.

Upande wa mbele kuna mtego. Kwa Land Cruiser 80, na Patrol na Defender za zamani, ukipandisha unapoteza kasta (mwinamo unaofanya magurudumu ya mbele yajinyooshe yenyewe) na usukani unakuwa mwepesi wa kuyumba. Ukirudisha kasta kwa kuizungusha ekseli, pua ya difu ya mbele inainama chini na pembe ya propela inaongezeka. Ndiyo sababu wenye magari hayo wanaishia kuhitaji dabo mbele hata kama nyuma hawana shida. Ujue pia kwamba ndani ya dabo kuna kigololi cha katikati ambacho kwenye nyingi hakina njia ya grisi. Discovery 2 ilitoka kiwandani na propela ya mbele ya namna hiyo, na inajulikana kwa kukatika na kupasua nyumba ya gia boksi. Ukinunua dabo, hakikisha kigololi kinafikiwa na pampu.

Ya nne, kurefusha propela yako kwa mkereza vyuma. Gari likipanda, difu inakwenda mbali na transfa, meno yanachomoka na yanayobaki yameshikana ni machache. Malori ya barabara ya Zambia yamewafanya mafundi wa Mbeya na Makambako wazoee propela, kwa hiyo kazi hii inawezekana huku. Sharti langu ni bomba jipya zima. Kipande kilichoungwa katikati sikikubali. Masikio yawe sambamba kabla ya kuchomelea, na iishie kwenye mashine ya balansi. Kama hakuna mashine, itumie kwenye propela ya mbele inayofanya kazi mwendo wa polepole, ila ya nyuma usithubutu.

Spesa ya flanchi inafaa kuongeza urefu wa milimita chache. Haipunguzi pembe hata kidogo.

Ya mwisho kabisa ni propela mpya isiyo na jina, rangi nyeusi inang'aa, bei nusu ya krosi nzuri na kazi yake. Sijaona iliyomaliza msimu wa viazi.

Wenye Prado na Hilux zenye difu iliyofungwa kwenye chesisi mbele, maneno haya yanawahusu nyuma tu. Mbele mna shafti zenye raba buti, na ukipita milimita 50 buti ndizo zinazochanika kwanza. Teremsha difu kwa spesa zake, na kagua buti kila unapoosha gari.

Siku ya kufunga, weka alama ya rangi kwenye flanchi na kwenye meno kabla hujafungua chochote. Ukirudisha meno yakiwa yamehama jino moja, masikio hayatakuwa sambamba tena na mtetemo utakuandama. Kikombe kiingizwe kwa kubanwa na vaisi taratibu. Ukikigonga nyundo, kisindano kimoja kinaanguka chini yake nawe hutajua. Nunua nati mpya zinazojifunga, kisha uzikaze tena baada ya kilomita 500.

Na kwa mwenye Defender ya zamani, tafadhali sana: hendibreki yako inashika nyuma ya transfa, haishiki magurudumu. Ukifungua propela ya nyuma gari limebaki bila hendibreki, hata gia haitalizuia. Weka mawe au vigingi mbele na nyuma ya magurudumu yote manne kabla hujaingia uvunguni, hasa kwenye miteremko yetu ya Tukuyu na Makete, ambako uwanja unaouona tambarare haujawa tambarare.