Inanga Niliyoinunua Huye na Mafunzo Yaliyoambatana Nayo

Nimekuwa na inanga hii, ala ya muziki ya nyuzi ya Rwanda, kwa wiki tano sasa, na kwa kuwa nimeipiga karibu kila jioni, naweza kuieleza kwa haki. Niliinunua kwa fundi mmoja mjini Huye, kusini mwa Rwanda. Imechongwa kwa kipande kimoja cha mti mwepesi, mfano wa sinia refu lenye kina kifupi, na uzi mmoja umepitishwa kwenye meno ya ncha zote mbili mpaka ukafanya nyuzi nane. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe. Wangu ni wa nailoni, na sauti yake ni kali kidogo kuliko ya enanga, ala yetu inayofanana nayo, nilizosikia utotoni kwa wazee wetu wa Kihaya. Kasoro iko kwenye meno, ambayo hayakuchimbwa vya kutosha: uzi ukilegea mahali pamoja hulegeza na jirani zake, hivyo wiki ya kwanza nilikaza zaidi kuliko nilivyopiga.

Kilichonipendeza kuliko chombo chenyewe ni sharti la fundi, kwamba hamkabidhi mtu inanga kabla hajakaa naye siku tatu. Siku ya kwanza sikugusa uzi. Nilisikiliza tu akiimba sifa za ng'ombe. Sharti hilo nililielewa nilipokumbuka kwamba inanga hurithishwa kwa kukaa ubavuni mwa mjuzi, kwa hiyo Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalipowaua wajuzi, yaliua pamoja nao nyimbo ambazo hazikuwa zimefika kwa mwanafunzi yeyote. Cyprien Rugamba, mshairi na mwanzilishi wa kundi la ngoma la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa Kigali tarehe 7 Aprili mwaka huo, pamoja na mkewe na baadhi ya watoto wao. Namshukuru Mungu kwamba mnyororo haukukatika wote: mpiga inanga Sophie Nzayisenga alifundishwa na baba yake, Thomas Kirusu, kisha Sophie akamfundisha kijana Deo Munyakazi.

Asiye na nafasi ya siku tatu namshauri asubiri mpaka aipate, na anunue uzi wa akiba. Mimi nitarudi Huye kuchukua inanga ya pili, ya binti yangu, na safari hiyo atakayeketi mkekani kumsikiliza fundi ni yeye.